Maembe yamejaa Kibiti na Rufiji: namna ya kuyala, kuyavundika na kuyahifadhi nyumbani

Kuanzia Novemba hadi Februari, ukipita barabara ya Kilwa kutoka Jaribu Mpakani, ukavuka Bungu na Kibiti hadi Ikwiriri, utaona maembe kila upande. Yapo kwenye ndoo, kwenye mabeseni, kwenye matenga yanayosubiri gari la Dar es Salaam, na mengine mengi yanaoza chini ya miti. Wiki chache baadaye hupati hata moja. Masika yanapoanza na mto Rufiji ukapanda, mtoto yuleyule aliyekuwa aking'ata embe mara mbili na kulitupa anakula ugali na mboga tu, siku baada ya siku, bila tunda.

Kila msimu wasikilizaji wetu hutuuliza swali hilohilo kwa namna tofauti: tufanye nini na maembe yanayobaki? Hapa tumeweka pamoja majibu ambayo tumekuwa tukiyatoa hewani kwa vipandevipande, ili uyasome kwenye simu yako hata kama muda wa kipindi ulikupita ukiwa shambani.

Kazi inaanza mtini

Embe lililoanguka na kupondeka halihifadhiki. Litaonekana zima leo, lakini kesho kutwa sehemu iliyogonga chini itakuwa nyeusi na imeanza kunuka pombe. Kwa hiyo maembe ya kuhifadhi yachumwe kwa mkono, au kwa upembo uliofungwa mfuko wa wavu mdomoni ili embe lidondokee humo. Kutikisa tawi ni kwa maembe ya kula jioni hiyo hiyo.

Embe lililokomaa utalijua kwa mabega. Pale karibu na kikonyo pamejaa na kuinuka, hapajabonyea. Ukikata moja la mfano, nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kuwa ya njano hata kama ganda bado ni la kijani. Lililochumwa kabla ya hapo halitaiva vizuri hata ulifiche mwezi mzima; litanywea na kuwa chachu.

Acha kikonyo cha urefu wa nusu kidole. Ukikikata pale pale kwenye tunda, utomvu hutoka na kutiririka juu ya ganda, na huacha alama nyeusi zinazogeuka uozo. Utomvu huo pia huunguza ngozi. Vile vidonda vinavyowatoka watoto pembeni mwa midomo wakati wa msimu mara nyingi ni utomvu, si joto la embe kama tunavyopenda kusema. Ukikata kikonyo baadaye, liinamishe embe kwa muda lichuruzike, kisha lioshe.

Kwa walioko kwenye delta yenyewe, Kiongoroni, Maparoni au Msala, kuna tatizo jingine. Embe lao linasafiri kwa mtumbwi au boti hadi Nyamisati, na safari inafuata maji. Ukichuma asubuhi halafu maji yakapwa kabla chombo hakijaondoka, tenga linakaa juani siku nzima. Ushauri wetu ni kuuliza kwanza saa ya chombo, ndipo uchume. Na usipakie maembe yaliyoiva pamoja na yaliyokomaa tu, kwa sababu lililoiva hutoa hewa inayoyaivisha mengine njiani.

Kuvundika bila sumu

Hewa hiyo inaitwa ethilini, na embe huitengeneza lenyewe. Wazee wetu hawakujua jina lake lakini walijua kuitumia. Walichimba shimo, wakatandaza majani makavu ya mgomba, wakapanga maembe na kufunika. Hewa ikibaki ndani, maembe yanaiva kwa pamoja kwa muda wa siku 3 hadi 5. Ukiwa na machache, ndoo yenye mfuniko au boksi la karatasi linatosha. Weka ndani ndizi moja iliyoiva, nayo itaharakisha kazi. Fungua mara moja kwa siku, utoe lolote lililoanza kuoza.

Kuna watu hutumia kabaidi, ile inayotumiwa na mafundi wa kuchomea vyuma. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asitilini, na kweli maembe yanageuka rangi haraka. Lakini kabaidi ya fundi si kitu cha chakula. Inaweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambazo ni sumu, na inamdhuru kwanza yule anayeishika na kuvuta hewa yake. Nchi nyingi zimeipiga marufuku kwenye matunda. Na hata kwa mlaji, embe lake huwa la njano nje na gumu, chachu, ndani. Mnunuzi akidanganyika mara moja, harudi kwako.

Kula kwanza

Hakuna namna ya kuhifadhi inayoshinda embe lenyewe likiwa fresh. Gramu 100 za embe lililoiva, ambazo ni kama shavu moja la embe kubwa, zina vitamini C miligramu 30 na zaidi, pamoja na ile rangi ya njano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayosaidia macho na kinga ya mwili. Vitamini C ndiyo inayopotea kwanza ukipika au ukikausha. Kwa hiyo, msimu ukiwa umechanganya, watoto wale kwanza, ndipo uwaze chupa na vichanja. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupewa embe lililopondwa vizuri pamoja na maziwa ya mama. Chagua lisilo na nyuzi.

Osha embe kabla ya kulimenya au kuling'ata. Ganda limepitia chini ya mti, kwenye mikono ya watu na kwenye mtumbwi. Maji ya mto au ya kisima kifupi, hasa baada ya mafuriko, yanaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu, na kuoshea tunda kwa maji hayo ni kuliongezea ugonjwa. Tumia yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji.

Na tusisahau embe bichi, ambalo sisi watu wa pwani tunalijua tangu utotoni kwa chumvi na pilipili. Lina kazi kubwa zaidi jikoni. Vipande vyake ukivitia kwenye mchuzi wa samaki, au kwenye kamba wa nazi dakika chache kabla ya kuepua, hutahitaji ndimu. Ukilikuna, linakaa badala ya siki kwenye kachumbari. Kwenye delta, ambako kamba hawakosekani na ndimu inaweza kuwa adimu, hiki ndicho kiungo cha msimu.

Kukausha: adui ni unyevu

Sasa tufike kwenye njia ambayo haihitaji sukari, umeme wala chupa nyingi, na ambayo ndiyo watu wengi huiharibu.

Sisi wenyewe tuliiharibu. Mara ya kwanza tulipojaribu, ili tuzungumze hewani tukijua tunachosema, tulitandaza vipande juu ya bati kwa siku moja na nusu, tukaviona vimekunja kingo, tukavitia kwenye kopo na kulifunga. Siku ya tano tulikuta ukungu mweupe kama pamba. Bati liliunguza sehemu ya nje, lakini katikati palibaki pabichi.

Embe ni maji zaidi ya asilimia 80. Ili lisiote ukungu unapaswa kuyapunguza hadi kama asilimia 15. Maana yake ni kwamba kilo 5 za maembe mazima, ukitoa ganda na kokwa, zitakupa embe kavu lisilozidi robo tatu ya kilo. Usishangae kuona kidogo. Yote uliyoyapoteza ni maji.

Hali ya hewa yetu ina ugumu wake. Maembe ya Novemba na Desemba yanakutana na mvua za vuli, na upepo wa baharini umejaa unyevu. Wakati mzuri zaidi ni kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari, vuli ikiwa imekatika na kaskazi inavuma. Ukianza siku yenye mawingu unajitafutia hasara.

Chagua embe lililoiva lakini bado gumu kidogo, lenye nyuzi chache. Bolibo na yale ya kisasa ya kupandikiza, kama Apple na Kent, hukauka vizuri. Embe ng'ong'o na mengine yenye nyuzi nyingi yaache kwa juisi. Menya, kisha kata vipande vya unene wa penseli, vyote vilingane. Kimoja kikiwa kinene na kingine chembamba, chembamba kitaungua wakati kinene bado kina maji.

Kamua ndimu 4 kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Loweka vipande humo kwa dakika 5 hadi 10, kisha vichuje. Ndimu huzuia vipande visigeuke vyeusi na huwapunguzia nguvu baadhi ya vijidudu.

Panga vipande bila kugusana juu ya wavu safi wa nailoni uliowambwa kwenye fremu ya mbao. Fremu ikae juu ya kichanja cha urefu wa kiuno, ili upepo upite chini na kuku wasifike. Wenzetu wa delta wanavijua vichanja vizuri kwa sababu ya samaki na kamba, ila tafadhali tengeneza kingine. Embe hushika harufu upesi, na embe kavu linalonuka kamba halina mnunuzi.

Funika kwa kitambaa chepesi cheupe kilichoinuliwa kisiguse vipande. Hapa tuseme wazi: usitumie chandarua cha mbu chenye dawa, kiwe kipya au kizee. Tunajua vipo vinavyoanikiwa dagaa. Dawa ile imetengenezwa kuua wadudu na inakaa kwenye nyuzi kwa miaka. Si ya kugusana na chakula. Na chandarua kikiwa kwenye kichanja, kuna mtu ndani anayelala bila kinga ya malaria.

Ukiweza, tengeneza sanduku la kukaushia. Ni kasha la mbao lililoinama kidogo kuelekea jua, chini limepakwa rangi nyeusi au kutandikwa kitambaa cheusi, juu limefunikwa nailoni angavu, na lina matundu upande wa chini na upande wa juu yaliyozibwa kwa wavu mdogo. Hewa baridi inaingia chini, inapata joto, inatoka juu na unyevu. Ndani joto linaweza kufika nyuzi 55 hadi 60, embe linakauka haraka kuliko nje, na vumbi na nzi hawaingii. Ukitandaza kitambaa cheusi juu ya vipande ili jua lisivipige moja kwa moja, utaokoa pia sehemu kubwa ya vitamini A, maana jua kali huiharibu.

Toa nje saa 2 asubuhi, umande ukishakauka. Geuza vipande kila baada ya saa 3. Ingiza ndani saa 10 jioni, kabla hewa haijaanza kuwa na unyevu, na uvifunike usiku. Kwa jua zuri ni siku 2 hadi 3. Mvua ikishika siku ya kwanza na huoni dalili ya kuacha, usiviache vipande vikisubiri. Vitie sufuriani ufanye jemu jioni hiyo hiyo.

Kipande kilichokauka kinapinda bila kuvunjika, hakinati sana mkononi, na ukikibana hakitoi maji. Bado usiamini. Tia vipande vichache vikiwa na joto ndani ya chupa ya kioo, funga, na uiweke juani kwa saa moja. Ukiona matone ndani ya chupa, rudisha vyote kwenye kichanja. Vikipita mtihani huo, vipoze, vitie kwenye chupa au ndoo safi yenye mfuniko unaobana, na kwa wiki ya kwanza utikise kila siku. Vilivyokauka zaidi vitanyonya unyevu uliobaki kwenye vingine, na kama kuna tatizo utaliona mapema. Baada ya hapo weka mahali pakavu, penye giza. Embe lililokaushwa hivi linakaa miezi 6 bila shida.

Achari na jemu

Achari inatumia embe bichi, kwa hiyo ni kazi ya mwanzo wa msimu, au ya yale yanayoangushwa na upepo yakiwa bado magumu. Kwa kilo moja ya vipande, changanya na gramu 100 za chumvi, ambazo ni kama vijiko 6 vya chakula, na uanike juani kwa siku moja hadi mbili. Mwaga maji yaliyotoka. Chemsha mafuta ya kula kikombe kimoja, kaanga kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, tia bizari ya manjano na pilipili kwa kadiri ya ujasiri wa nyumba yako, kisha siki nusu kikombe. Changanya na embe, acha ipoe, jaza kwenye chupa. Mafuta yafunike vipande vyote. Kipande kinachochungulia juu ndicho kitakachoota ukungu. Chota kwa kijiko kikavu. Siku zote.

Kwa jemu, pima kilo moja ya nyama ya embe lililoiva, sukari robo tatu ya kilo na maji ya ndimu 4. Ponda embe, chemsha peke yake hadi lilainike, ongeza sukari na ndimu, koroga bila kuacha maana huungua chini kwa urahisi. Dondosha tone kwenye sahani baridi. Likikaa bila kutiririka, epua.

Usiipunguze ndimu kwa kuona jemu inakuwa chachu. Embe likiiva sana uchachu wake hupungua, na vyakula vya chupa visivyo na uchachu wa kutosha vinaweza kukuza kijidudu cha botulismu, ambacho sumu yake haionekani wala hainuki. Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo cha pH na kutaka kisizidi 4.6. Sisi jikoni hatuna kipimo hicho, kwa hiyo ndimu ndiyo kinga yetu.

Chupa ziwe za kioo, zichemshwe kwenye maji kwa dakika 10, jemu iingie ikiwa bado ya moto. Kisha zifunge na uzirudishe kwenye sufuria yenye maji yanayochemka kwa dakika 10 nyingine, ukiwa umetandika kitambaa chini ili zisipasuke. Andika tarehe. Chupa ikivimba mfuniko, ikitoa povu au ikifyatuka unapoifungua, mwaga mbali na kuku na watoto. Usionje ili ujue.

Juisi ni jambo fupi. Bila friji, tengeneza ya siku hiyo na inyweke siku hiyo. Usijaze juisi ya moto kwenye chupa za plastiki za maji zilizokwisha tumika. Wenye umeme na friji la kugandisha wanaweza kuponda nyama ya embe, kuitia kwenye vyombo vidogo na kuigandisha. Itafaa kwa juisi hata wakati wa masika.

Ukitaka kuuza

Kwa majirani na gengeni watu wanakujua. Ukitaka kuingia dukani, chakula kilichosindikwa kinahitaji alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi za mikoa na hufundisha wasindikaji wadogo ufungashaji na taratibu za kupata alama hiyo. Kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja hapa, kwa kuwa anayenunua embe kavu kwa jumla anataka kiasi kikubwa cha aina moja, kilichokatwa kwa unene mmoja.

Na maganda, kokwa na maembe yaliyooza usiyaache chini ya mti. Nzi wa matunda, yule wa kutoka Asia aliyeonekana kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki mwaka 2003, hutaga mayai ndani ya tunda, na funza wanaoanguka na embe bovu ndio nzi wa wiki chache zijazo. Fukia shimo la kina cha mkono, au funga kwenye mfuko mzito na uuache juani hadi wafe.

Embe kavu linaliwa vivyo hivyo, ila mwenye kisukari ale kidogo sana, maana sukari yote ya tunda imebaki kwenye kipande kile kidogo. Ukilikata vipande vidogo na kulichemsha ndani ya uji, huhitaji kuongeza sukari. Ukililoweka kwa saa 3 hadi 4 kwenye maji safi linalainika, na unaweza kulisaga kwa juisi. Miaka hii ambapo Ramadhani inaangukia Februari na Machi, maembe yanaisha mtini futari ikiwa bado inaendelea. Loweka baada ya adhuhuri, na magharibi litakuwa tayari.